Miguu Iliyookoa Meza: Uchambuzi wa Kisa cha Meza ya Farnese

Katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, ipo meza ya mawe inayoitwa Meza ya Farnese. Uso wake una urefu wa karibu mita 3.8 na upana wa karibu mita 1.68, wote umepachikwa marumaru ya rangi na mawe ya thamani, na umebebwa na miguu mitatu minene ya marumaru iliyochongwa. Makumbusho yaliinunua mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakati huo ilikuwa imeshakaa miongo mingi Uingereza, mbali na jumba ililotengenezewa, na jina la aliyeisanifu lilikuwa limepotea. Leo tunaisoma kuwa kazi ya Roma ya mwaka 1569 hivi, iliyobuniwa na msanifu Jacopo Barozzi da Vignola, uso wake ukafanywa na Mfaransa Jean Ménard, ambaye Waitaliano walimwita Giovanni Mynardo, na miguu ikachongwa na Guglielmo della Porta.

Kisa ninachotaka kukichambua ni hicho: meza ilirudishiwaje majina yake? Jibu langu ni kwamba ilirudishiwa kwa sababu miguu na uso havikutenganishwa. Watu husimulia meza za namna hii kwa uso peke yake, kwani rangi ndiyo inayovuta jicho. Katika kisa hiki, ushahidi mzito uko chini.

Mwenye meza

Alessandro Farnese alizaliwa mwaka 1520. Babu yake, aliyekuwa na jina lilelile, alichaguliwa kuwa Papa Paulo III mwaka 1534, na mwaka huohuo akamfanya mjukuu wake Kardinali akiwa na umri wa miaka 14. Babu ndiye aliyeanza kujenga jumba la Palazzo Farnese jijini Roma. Antonio da Sangallo Mdogo alilisanifu, na alipofariki mwaka 1546 kazi ikachukuliwa na Michelangelo. Kwa muda, aliyekaa humo alikuwa Kardinali Ranuccio, mdogo wake Alessandro. Ranuccio alifariki mwaka 1565, na jumba likaingia mikononi mwa kaka yake.

Tarehe hiyo ya 1565 ina uzito katika uchambuzi. Kama meza ilitengenezwa kwa ajili ya chumba cha heshima katika Palazzo Farnese na inabeba nembo ya Alessandro, basi kuna sababu nzuri ya kuiweka baada ya mwaka huo, alipolishika jumba yeye mwenyewe. Mwisho wa muda tunaupata kwa Vignola: alifariki mwaka 1573. Kati ya miaka hiyo minane ndipo meza inapokaa vizuri. Katika miaka hiyo Vignola alikuwa mtu wa Alessandro kabisa. Tangu 1559 alikuwa akimjengea jumba kubwa la Caprarola, kaskazini mwa Roma, na mwaka 1568 kazi ilianza katika kanisa la Gesù, ambalo Kardinali huyo alilipia.

Ni vizuri pia kukumbuka vitu vilivyoizunguka meza. Katika miaka ya 1540 akina Farnese walichimba katika magofu ya mabafu ya Mfalme Caracalla na kutoa sanamu kubwa ajabu, zikiwemo Hercules na Fahali wa Farnese, ambazo sasa ziko Naples. Hercules alipatikana bila miguu, na aliyepewa kazi ya kumchongea miguu mipya alikuwa Guglielmo della Porta, huyuhuyu wa meza yetu. Kwa hiyo alikuwa fundi aliyezoea kukaa mbele ya jiwe la kale na kuliongezea jiwe jipya bila kulitia aibu.

Mawe yenyewe

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu bila kuelewa mawe, meza hii inabaki pambo tu.

Katikati ya uso kuna vipande viwili vikubwa vya alabasta ya Misri, vimekaa kama madirisha mawili. Alabasta hiyo ina mistari ya rangi ya asali na maziwa, na hupitisha mwanga kidogo. Kuyazunguka madirisha hayo kuna mpangilio wa maumbo ya kijiometri na mapambo yaliyokatwa kwa marumaru na mawe ya rangi, na ndani yake limo ua la yungiyungi, alama ya ukoo wa Farnese.

Fundi wa Roma wa karne ya 16 hakuagiza mawe yake machimboni. Aliyatoa chini ya miguu yake. Wafalme wa Roma ya kale walikuwa wameingiza mjini mawe kutoka kila pembe ya himaya yao: marumaru ya manjano ya Chemtou, katika Tunisia ya leo, porfiri nyekundu, jiwe gumu sana la volkano, ya jangwa la mashariki mwa Misri, porfiri ya kijani ya Lakonia, Ugiriki. Machimbo mengi ya namna hiyo yalikuwa yameshaachwa kwa karne nyingi. Kilichobaki kilikuwa nguzo zilizoanguka, sakafu zilizovunjika na vipande vilivyofukiwa katika mashamba ya mizabibu. Hilo ndilo lililokuwa soko la mawe la Roma. Nguzo iliyolibeba hekalu ilikatwa vibao vyembamba ikawa petali ya ua mezani kwa Kardinali. Sehemu kubwa ya fahari ya Roma, ile ya kale na hii ya akina Farnese, ilichongwa kutokana na miamba ya Afrika, na nadhani msomaji wa Kiswahili ana haki ya kulisikia hilo likisemwa wazi.

Tuangalie sasa kazi inavyofanyika mezani kwa fundi. Kwanza huchorwa ramani ya ukubwa kamili kwenye karatasi, kisha karatasi hukatwa vipande kulingana na kila umbo. Kila kipande cha karatasi hugandishwa juu ya kibao cha jiwe chenye unene wa milimita chache, na hapa ndipo jicho la fundi linapojulikana: anakigeuzageuza kibao mpaka mstari wa asili wa jiwe uangukie pale anapoutaka, kivuli upande wa kivuli na nuru upande wa nuru. Kisha anakata kwa upinde wa mti uliofungwa waya wa chuma. Waya peke yake haukati jiwe. Kinachokata ni unga mkali wa kusagia uliochanganywa na maji, unaomiminwa kidogokidogo huku waya ukienda na kurudi. Ni kazi ya saa nyingi kwa kipande kimoja kidogo. Baada ya hapo kingo husuguliwa kwa tupa, zikiinamishwa kidogo kuelekea ndani upande wa chini, ili juu vipande vibanane kabisa na chini pabaki nafasi ya gundi. Gundi ya kawaida katika kazi hii ni nta ya nyuki iliyoyeyushwa na utomvu wa msonobari. Anayejua njumu za viti vya enzi vya Lamu na Pate, pembe na mfupa ndani ya mpingo, ataielewa mara moja shida ya kufanya kiungo kisionekane. Tofauti ni kwamba mpingo hukubali kisu.

Ugumu wa mawe nao haulingani. Kwa kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10, marumaru na alabasta ya Misri hukaa kwenye 3, lazuli, jiwe la buluu, kwenye 5 na kitu, akiki na yaspi kwenye 7. Ukiviweka pamoja katika uso mmoja, kisha ukavisugua kwa pamoja ili ving'ae, laini huliwa haraka kuliko kigumu. Fundi asiye makini hutoa uso wenye mabonde madogo. Ndiyo maana uso mkubwa kiasi hiki, ulionyooka na uliochanganya mawe laini na magumu, ni ushahidi wa karakana yenye watu waliojua kazi yao, na haukuwa mzaha wa tajiri mmoja na fundi wa mtaani.

Roma ndiyo iliyoufufua ufundi huu wa kale, ikiupendelea mpangilio wa maumbo na vipande vikubwa vya mawe ya kigeni. Firenze ilifuata njia yake: mwaka 1588 Ferdinando I de' Medici alianzisha rasmi karakana ya dola, na huko mawe magumu yakaanza kuchorwa ndege, maua na matunda kana kwamba ni rangi za mafuta. Ferdinando huyo alikuwa ameishi Roma akiwa Kardinali kabla ya kurudi kwao kutawala mwaka 1587. Alichokiona Roma alikwenda nacho.

Miguu inavyosema

Sasa turudi chini ya meza. Miguu mitatu ya marumaru imebeba nembo ya Farnese, ngao yenye yungiyungi sita, na ni nembo ya Kardinali Alessandro. Hiki si kibandiko kilichoongezwa baadaye. Kimechongwa katika jiwe lilelile linaloubeba uso, na uso nao una yungiyungi zake. Vipande viwili vya meza vinashuhudiliana.

Mwaka 1960 Olga Raggio, mtaalamu wa sanaa katika makumbusho ya Metropolitan, alichapisha katika jarida la makumbusho hayo uchambuzi ulioirudisha meza kwa Vignola. Nguvu ya hoja ya namna hii inatokana na mambo kadhaa kuelekea upande mmoja. Nembo inatupa mwenye mali. Mwenye mali anatupa jumba na miaka. Miaka inatupa wasanifu na wachongaji waliokuwa wakilipwa naye wakati huo. Kisha ndipo macho yanarudi kwenye kitu chenyewe kuuliza: je, uwiano wa miguu na uso, ukubwa wa mapambo, mpangilio mzito wenye nidhamu ya jengo, vinafanana na anachokifanya Vignola kwingineko? Meza hii imewekwa kama jengo. Miguu yake ina uzito wa kuta.

Ondoa miguu, na mnyororo wote unakatika katika kiungo cha kwanza. Yungiyungi kwenye uso pekee zingetupeleka kwa ukoo wa Farnese, lakini ukoo ulikuwa na watu wengi, tena yungiyungi lilitumiwa na nyumba nyingine za Ulaya, wafalme wa Ufaransa wakiwa mbele. Kumpata Alessandro, kisha Vignola, ingekuwa kubahatisha.

Na kuondolewa miguu ndiko kulikozipata nyingi za meza hizi. Chukua meza ya Charlecote Park, Uingereza. Uso wake ni kazi ya Kirumi ya karne ya 16, uliotoka katika jumba la akina Borghese. Ukafika kwa tajiri wa Kiingereza William Beckford katika jumba lake la Fonthill, na mwaka 1823 vitu vya jumba hilo vilipopigwa mnada, George Hammond Lucy akaununua kwa gini 1,800 (gini moja ilizidi pauni kidogo), fedha nyingi sana kwa wakati ule. Uso ni wa fahari, lakini umekaa juu ya kitako cha mbao kilichotengenezwa Uingereza. Yaani nusu ya ushahidi ilibaki njiani. Wanunuzi wa Kiingereza waliokuwa wakizunguka Italia walipenda kusafirisha uso peke yake, kwa sababu za uzito na gharama, kisha fundi wa nyumbani akautengenezea kitako kipya cha mbao, mara nyingi cha kupakwa dhahabu. Kwa mnunuzi lilikuwa jambo la busara. Kwa historia ilikuwa hasara.

Jambo la kuzingatia: binti ya Beckford aliolewa mwaka 1810 na mtu aliyekuja kuwa Duke wa 10 wa Hamilton, na ni katika nyumba hiyo ya Hamilton, huko Uskoti, ndipo Meza ya Farnese ilipokwenda ikiwa na miguu yake yote mitatu.

Safari

Ukoo wa Farnese uliishiwa na warithi wa kiume mwaka 1731. Mali ikapitia kwa Elisabetta Farnese, malkia wa Hispania, hadi kwa mwanawe Carlo wa Bourbon, mfalme wa Naples. Yeye na waliomfuata walihamishia Naples sehemu kubwa ya hazina za Roma. Carlo aliupenda ufundi wa mawe kiasi cha kuanzisha karakana yake Naples mwaka 1737 kwa mafundi kutoka Firenze, na alipokwenda kutawala Hispania akaanzisha nyingine Madrid. Meza ya babu zake, hata hivyo, ilibaki katika Palazzo Farnese mpaka karne ya 19, ilipouzwa na kwenda Uskoti.

Hamilton Palace lilikuwa moja ya majumba makubwa kuliko yote Uskoti. Duke wa 10 alikuwa mkusanyaji asiyejua kutosheka. Baada ya kizazi, madeni yakabisha hodi: mnada wa mwaka 1882 ulichukua siku 17 na kuingiza pauni 397,562. Meza ilinusurika mnada ule. Haikunusurika wa mwaka 1919. Jumba lenyewe, lililokuwa limekaa juu ya migodi ya makaa ya mawe na ardhi yake ikididimia, lilibomolewa katika miaka ya 1920.

Mnunuzi wa 1919 alikuwa William Lever, Lord Leverhulme, tajiri wa sabuni ya Sunlight. Hapa siwezi kupita haraka, kwa sababu sehemu ya utajiri huo ina anwani katika Kongo. Mwaka 1911 Lever aliingia mkataba na serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, akaunda kampuni ya Huileries du Congo Belge na kupewa haki juu ya maeneo mapana ya michikichi. Kituo chake kikuu huko Kwilu kilipewa jina lake, Leverville. Leo ni Lusanga. Wakwea michikichi waliletwa kazini kwa shinikizo la serikali, kodi na nguvu, kwa ujira mdogo, na ndilo eneo ambalo mwaka 1931 lilizuka uasi wa Wapende, watu wa eneo hilo. Beckford kabla yake alikuwa ameishi kwa sukari ya Jamaika iliyolimwa na watumwa. Maelezo mengi ya meza hizi hutaja majina ya wanunuzi kana kwamba fedha zao zilidondoka kutoka mbinguni. Historia ya umiliki inayoandika nani alinunua bila kuandika kwa fedha zipi ni historia nusu, na kwa kitu kilichotengenezwa tangu mwanzo ili kuonyesha mali, nusu inayoachwa ni ile kubwa.

Matumizi na hali yake

Kimo cha meza ni sentimita 95 hivi. Meza ya kulia chakula huwa chini ya hapo kwa takriban sentimita 20. Kwa maoni yangu hilo linaonyesha kwamba meza hii ilikusudiwa kutazamwa na mtu aliyesimama, mgeni anayeingia chumba cha heshima akasogea, akainamisha kichwa kidogo na kuona ramani ya mawe ya himaya ya kale ikiwa chini ya yungiyungi za mwenyeji. Marumaru na alabasta huliwa na asidi: tone la siki, divai au ndimu likiachwa hubakiza doa lisilong'aa. Anayemiliki uso wa thamani kama huu haweki sahani juu yake.

Orodha ya vitu vilivyotumika katika meza inataja pia mabaki ya nta za rangi mbalimbali. Ni jambo dogo ambalo mtazamaji wa haraka hulipita, lakini linatuambia kwamba sehemu ambazo leo tunaziona ni jiwe tupu zilikuwa na rangi. Kitu hiki kilikuwa na rangi zaidi ya tunavyokiona, na mabaki hayo ni rahisi kupotea. Mtu mmoja mwenye brashi ngumu na maji ya moto angeyamaliza kwa asubuhi moja.

Kwa wanaoshughulika na meza za aina hii, wakadiriaji, wauzaji na wahifadhi, kazi ianzie chini. Pima kitako na uso: vimewahi kuishi pamoja? Tazama mgongo wa uso: je, ni jiwe zima, bamba la sleti, au plasta? Plasta iliyochanganywa rangi na gundi, iitwayo skaliola, iliigiza kazi hii kwa ustadi mkubwa tangu karne ya 17, na kwa picha unaweza kudanganyika kabisa. Mkononi ina joto kidogo kuliko jiwe, na ukitazama kwa karibu hukuti kiungo halisi kati ya rangi na rangi. Nembo zinakiliwe zote, hata zile zilizofutika nusu. Na kama miguu ipo, isiuzwe peke yake kwa sababu yoyote ile.

Kuhusu majina, nina pendekezo moja. Watu wakiizungumzia Meza ya Farnese, mara nyingi huishia kusema ni ya Vignola. Mchoro ni wake, sikatai. Lakini miezi mingi ya waya, maji na unga wa kusagia iliyomo ndani ya uso ule ni ya Jean Ménard na wasaidizi wake, na mikono iliyotupa ushahidi wote tulioutumia hapa ni ya Guglielmo della Porta. Majina yote matatu yaandikwe kwa herufi za ukubwa mmoja.